Babu wa Herufi Moja

Niliwahi kumuua mama mmoja pale Habaswein. Nilimuua Alhamisi asubuhi, kabla ya chai ya saa nne, kwa amri ya mstari mmoja kwenye kompyuta, na sikujua kwamba nimeua mpaka Jumatatu, yeye mwenyewe aliposimama mbele ya meza yangu, mzima wa afya, amenuna, akitaka kujua kwa nini kompyuta yake inamkataa.

Kabla hamjaniitia polisi, nieleze. Mimi ni mtu wa Mwingi na kazi yangu ni kompyuta. Si ile ya kwenye sinema, ya vijana wenye kofia wanaovunja mabenki wakiwa wamekaa sebuleni. Mimi ni yule anayeitwa printa ikigoma. Nilikuwa nimeajiriwa na shirika moja la chanjo za mifugo, ambalo sitalitaja kwa sababu bado lina barua yangu ya onyo kwenye faili, nalo likanipeleka Habaswein, kwenye ofisi ya vyumba vitano, tangi la maji, jenereta yenye kikohozi, na chumba baridi cha kuhifadhia chanjo. Hicho chumba ndicho kilichokuwa kitu cha maana kuliko vyote, wafanyakazi wakiwemo. Jua likichachamaa saa saba, hata mkuu wa ofisi alikuwa akikumbuka ghafla kwamba ana chupa za kukagua humo ndani.

Mwenye funguo za chumba hicho ndiye mama niliyemuua. Alikuwa mtunza stoo, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, funguo kiunoni, simu mbili mkononi, na pengo kubwa mbele ambalo hakulificha hata kidogo. Meza yake ilitazamana na yangu. Alikuwa akiniita hooyo, ambalo ni neno la kumwita mama, ingawa mama ni yeye na mimi ni rika la bintiye wa tatu. Huku mzazi humwita mtoto kwa cheo chake mwenyewe, na ukishazoea unajisikia umependwa. Alijua kila sanduku la chanjo liko wapi, limetoka lini, na ni mfugaji gani wa Tarbaj aliyewahi kumdanganya idadi ya mbuzi. Hakuhitaji kompyuta hata kidogo. Kompyuta ndiyo iliyomhitaji yeye.

Kabla sijafika, meza ile walikaa wawili. Mwenzake alikuwa na jina lilelile, na baba wa jina lilelile, bila undugu wowote wa karibu, jambo ambalo huku halimshangazi mtu. Watu wakawatofautisha jinsi wanavyotofautisha kila mtu, yaani kwa kumtazama usoni na kusema walichokiona. Mmoja wakamwita Mrefu, mwingine Pengo. Kwetu ukimwita mtu mzima Pengo mtaonana kwa chifu. Huku dereva anaitwa Kiguru kwa sababu anachechemea, anaitika, na anakuuliza unataka nini. Mrefu alifariki mwaka mmoja kabla sijafika. Nilimjua kwa birika lake tu, ambalo Pengo alikuwa halitumii wala haruhusu mtu alitumie.

Sasa ije barua ya majina. Ilitoka ofisi kuu ya Garissa ikiwa na mihuri mitatu. Ilisema kila kompyuta ipewe kwenye mtandao jina la mtu anayeitumia, majina yake matatu kama yalivyo kwenye orodha ya wafanyakazi, ili mfumo mpya uweze kuona nani yuko kazini na nani ni mfanyakazi hewa. Kila asubuhi mfumo ungeita majina, kompyuta ingeitikia, na mwenyewe angehesabiwa kuwa yupo. Asiyeonekana kwenye mtandao atahesabiwa hayupo. Mkuu wetu wa ofisi, mzee wa bara aliyeogopa barua kuliko nyoka, alinikabidhi karatasi ile kwa mikono miwili.

Nikaamua kufanya kazi hiyo kwa dirisha jeusi, lile la kuandika amri kwa maneno bila kubonyeza picha. Sababu niliyowaambia watu ni kwamba ni haraka zaidi. Sababu ya kweli ni kwamba dirisha jeusi hunifanya nionekane nina akili. Maandishi meupe yakianza kuporomoka kwenye skrini, hata wale wanaoniita fundi wa printa hunyamaza. Kompyuta zilikuwa kumi na moja, na zote zilikuwa na jina moja, kwa sababu nilipozileta nilinakili diski ya kwanza kwenye zile nyingine kumi na kwenda kunywa chai. Huo nao ulikuwa uvivu, lakini haukumdhuru mtu.

Nikawaita mmoja mmoja wanitajie majina. Alipofika mama, akavuta kiti, akaketi, akaanza. Jina lake. La baba yake. La babu. La baba wa babu. Akaendelea.

"Inatosha, mama," nikamwambia. "Nataka matatu tu."

"Matatu ni ya shule," akasema. "Mtu hana babu mmoja, hooyo. Iko na watu nyuma yake."

"Kompyuta haina haja na watu wote hao."

"Basi kompyuta haina adabu," akasema, na akaendelea kutaja, akiutajia mgongo wangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshageukia skrini.

Mashine hizi zina sheria ya zamani, iliyotungwa na watu ambao bila shaka hawakuwahi kuulizwa babu zao popote: jina la kompyuta kwenye mtandao lisizidi herufi kumi na tano. Ukizidisha, mashine inakuonya kwa heshima. Jina litakatwa, inasema, na huenda likagongana na lingine, uendelee? Kwa mtu wa kwanza nililisoma onyo hilo nusu. Kwa mtu wa pili nikachoka nalo, nikaongeza kwenye amri lile neno la kulazimisha, linaloiambia mashine ifanye bila kuuliza maswali. Nikagonga kitufe. Mashine ikafanya bila kuuliza maswali.

Jina la mama lilikuwa na herufi sita. La baba yake, nane. Babu yake, mtu aliyechimba kisima ambacho mpaka leo watu wanakitaja kwa jina lake, akabaki herufi moja: A. Na huku, A ni mwanzo wa babu wa kila mtu unayekutana naye dukani.

Ofisi kuu nao, ili orodha yao ifanane na majina ya kompyuta, walikuwa wamekata majina ya wafanyakazi kwenye herufi ileile ya kumi na tano. Kwa hiyo kulikuwa na mstari mmoja Garissa wenye herufi sita, herufi nane na A, na mbele yake neno moja: amefariki. Ulikuwa mstari wa Mrefu, ambaye babu yake naye alianza na A, na kwenye orodha ulitangulia ule wa mama. Jumatatu asubuhi mfumo uliita majina, kompyuta ya mama ikaitikia kwa uaminifu wote, na mfumo ukamjibu kwamba yeye ni maiti.

"Kombyuta yako imenikataa," akaniambia. Ilikuwa yake kila ilipofanya kazi, na yangu kila ilipogoma.

Nikapiga simu dawati la msaada Garissa. Akapokea kijana mwenye sauti iliyopigwa pasi.

"Madamu, huyo mfanyakazi ni marehemu."

"Yuko hapa mbele yangu. Anakula mahamri."

"Kwa sistimu ni marehemu. Mimi naangalia sistimu."

"Na mimi namwangalia mwenyewe!"

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilimwambia maneno ambayo baadaye niliyasoma kwenye ile barua ya onyo, yamenukuliwa vizuri sana, mpaka alama ya mshangao. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba jina limeshaingia kwenye orodha ya kufungwa. Likifungwa Alhamisi saa kumi jioni, kulifungua ni kazi ya kamati, na kamati haikai kila siku. Mama atakuwa ametoka kazini kwa sababu ya kufa, na funguo za chumba baridi zitakabidhiwa mtu mwingine. Akanitakia siku njema.

Mfumo ule ulikuwa mwerevu kwa njia yake. Ukishamwona maiti ameingia kazini, unatuma tangazo la rambirambi kwa ofisi zote za kanda, nadhani kwa kudhani kwamba habari imechelewa kufika. Saa tano simu ya mama ikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa mzee wa ofisi ya Buna.

"Samir iyo iimaan," akasema mzee kwa huzuni, yaani Mungu awape subira na imani. Mama akaitikia amina kama inavyopasa, wakaombeana dua ndefu, na ndipo mzee akauliza anaongea na nani katika jamaa za marehemu.

"Na marehemu," akasema mama.

Simu ikakatika. Hakupiga tena mpaka leo.

Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamejaa kibarazani. Akina mama wa sokoni walikuja na sukari na majani ya chai, wakamkuta marehemu akipanga masanduku ya chanjo na kuwakaripia kwa kuacha mlango wa chumba baridi wazi. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine hawakucheka. Kuna bibi mmoja alimshika mama mikono yote miwili, akaipapasa, akaanza kulia upya. Mama akawaandalia chai wote, waombolezaji wake mwenyewe, na mimi nikabeba vikombe maana sikujua kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Mkuu wa ofisi akatoka ndani na uamuzi. "Kwa sasa," akasema, bila kumtazama mtu, "mama apumzike nyumbani mpaka ithibitike yuko hai."

"Ithibitike na nani?" mama akamuuliza.

Mkuu akakumbuka ana chupa za kukagua.

Mama hakwenda nyumbani. Aliketi kwenye meza yake akiwa na funguo kiunoni na kompyuta iliyomkataa mbele yake, akaandika kila sanduku kwa kalamu, kwenye daftari, kama zamani. Lakini Jumanne nilimwona amesimama ndani ya chumba baridi peke yake, hafanyi chochote, amewekelea kiganja juu ya sanduku. Kazi ile aliianza na mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa zile funguo, na wanaume watatu walikuwa wameandika barua kupinga. Sasa zingeondoka bila hata barua ya kupinga. Nikaona aibu, nikaingia, nikafunga mlango, nikamwambia ukweli wote: herufi kumi na tano, onyo, neno la kulazimisha, A.

Nilitarajia matusi.

"Wewe umemkata babu yangu?"

"Mashine ndiyo iliyokata, mama. Mimi nilibonyeza."

"Kufa si shida," akasema. "Mimi nitakufa, wewe utakufa, hata huyo wa Garissa. Lakini babu amekufanyia nini? Mtu bila babu ni nani? Ni mtu ameanguka tu kutoka juu, kama mvua?"

Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwenye mashine yake.

Nikajaribu kurekebisha. Nilibadilisha jina la mashine ile mara nne kwa siku mbili. Nikaanza na jina lake na la babu, nikamruka baba. Mfumo ukasema huyu mtu hajulikani. Nikafupisha baba, hajulikani. Nikaandika Pengo, kwa idhini yake na kicheko chake chote. Mfumo ukasema hajulikani, na nikapata ujumbe wa kuonywa nisifanye mzaha na vifaa vya shirika. Nikarudisha lile la mwanzo, maiti. Kila badiliko lilitaka mashine izimwe na kuwashwa, jenereta ikikohoa nje, na kila ilipowaka mama alinyanyua macho kutoka kwenye daftari, akaniangalia usoni, akarudisha macho chini.

Jumatano, saa za chai, akaja mwombolezaji aliyechelewa, mzee kutoka Tarbaj aliyesafiri na lori la mbuzi. Hakumjua mama. Alisikia kuna msiba akaja. Walipokwisha kushangaana, wakafanya kile wanachofanya watu wa huku wakikutana wageni kwa wageni: kila mmoja akataja watu wake, baba, babu, baba wa babu, wakipanda ngazi kwa ngazi mpaka waone kama kuna mahali wanakutana. Nilikuwa nimeshawasikia watu wakifanya hivyo mara mia na sikuwahi kusikiliza. Siku hiyo nilisikiliza, kwa sababu nilikuwa nimetazama maandishi meupe siku mbili na nilitaka kusikia kitu kingine chochote.

Mtu mwenyewe kwanza. Kisha aliyemzaa. Kisha aliyemzaa huyo. Kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kila jina likiegemea lililo nyuma yake.

Nikamwaga chai. Kwenye mtandao kompyuta ina jina lake fupi, lile la herufi kumi na tano, lakini pia ina jina kamili: jina lake, nukta, mahali ilipo, nukta, mahali pakubwa zaidi, nukta, na kuendelea. Kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Na huko nyuma ya nukta hakuna kumi na tano. Kila nafasi inabeba herufi sitini na tatu, na nafasi ni nyingi. Nilikuwa nimejifunza hayo chuoni nikafaulu mtihani nikasahau. Waliolibuni jina hilo walikuwa na maana ya majengo na idara, lakini mashine haijui jengo ni nini wala babu ni nani. Inataka nukta tu.

Alhamisi saa nane nikavuta kiti changu kwenye meza yake. Nikafungua dirisha jeusi.

"Nitajie tena," nikamwambia. "Wote. Na safari hii nisahihishe."

Akanisahihisha, Mungu wangu. Jina la mashine nikaweka lake peke yake, herufi sita, halikukatwa na kitu. Kisha nikaandika ile amri nyingine, ndefu, inayoingia mpaka kwenye matumbo ya mashine, mahali inapohifadhi mambo inayoyaamini kuhusu nafsi yake. Hapo nikaanza kumweka baba, nukta, babu, nukta. Alisimama nyuma yangu akitaja polepole. Nilipoandika wa nne akanigonga bega. "Huyo amezidi herufi. Huyo si yeye." Nikafuta, nikaandika upya. Watu wakaanza kukusanyika. Kiguru dereva akaingia, hata mkuu akatoka kwenye ubaridi wake. Tulifika wa saba. Mama akasema bado wapo. Nikamwambia saba watatosha kwa leo. Akasema kwa leo, sawa.

Sikutumia lile neno la kulazimisha. Mashine ikauliza kama nina hakika, nikaisoma sentensi yote, nikajibu ndiyo.

Tukaizima, tukaiwasha. Nikaandika amri ya kuiuliza mashine yenyewe ni nani, ipconfig na mkia wake wa kutaka habari zote, na maandishi yakaporomoka, na katikati yao wakasimama watu saba kwa mstari, wametenganishwa na nukta. Mama akainama. Akaweka kidole kwenye skrini akawafuata mmoja mmoja bila kutoa sauti, midomo ikitembea. Alipofika kwa aliyechimba kisima, kidole kikasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Nisitie chumvi: mfumo haukuelewa kitu. Ulipokea jina lile, ukashindwa kulilinganisha na lolote, na badala ya kusema hajulikani, ukafanya kitu ambacho ulikuwa haujakifanya wiki nzima. Ulilitoa pembeni ukamwekea binadamu aliangalie. Saa tisa na nusu simu yangu ikalia.

"Madamu," ikasema ile sauti iliyopigwa pasi. "Mimi nimeomba jina la kompyuta. Wewe umenitumia ukoo mzima."

Nikaweka simu kwenye sauti kubwa, katikati ya meza. "Isome," nikamwambia.

"Sina muda wa kusoma hii. Nafunga orodha saa kumi."

"Isome yote kwa sauti, halafu ufunge."

Akaanza, haraka, kwa kejeli, kama mtu anayesoma bei za duka asimokusudia kununua kitu. Jina, nukta. Baba, nukta. Aliposoma babu na aliyemzaa babu, kejeli ikapungua. Kwa wa tano akapunguza mwendo. Wa sita akamsoma mara mbili.

"Huyu wa sita," akauliza, na pasi ilikuwa imetoka kwenye sauti, "ni yule aliyehamia upande wa Buna, ama ni yule wa kule chini?"

Mama akamjibu kwa Kisomali. Sikuelewa ila majina. Naye kijana akaanza kutaja ya kwake, kutoka kwake kwenda juu, na mama akiitikia kila moja kwa sauti ndogo ya kooni. Alipofika kwa wa saba wa mama walitaja pamoja, jina moja, kwa wakati mmoja, mmoja Garissa na mmoja Habaswein.

"Eeddo," akasema kijana. Shangazi, upande wa baba.

"Haa, eeddo," akasema mama, akimrudishia neno lake. Halafu akageuza Kiswahili, na nadhani aligeuza ili nasi tusikie. "Umenizika tangu Jumatatu. Siku nne. Watu wamekunywa chai ya matanga yangu. Na hakuna hata mtu mmoja ameniuliza mimi ni wa nani."

Kiguru alicheka. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, maana mimi ndiye niliyekuwa nimegeuza mgongo akinitajia.

Kijana akaomba radhi, kwa Kiswahili, kwa Kisomali, na kwa Kiarabu cha dua. Akasema anamfungulia sasa hivi, dakika mbili, eeddo asiwe na wasiwasi. Tukasikia akibonyeza. Mkuu wa ofisi akampongeza mama kwa kupeana naye mkono, kana kwamba amepandishwa cheo. Nilikuwa nimemfufua mtu, na zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano.

"Umerudi," akasema kijana. "Na nimeona shida ilikuwa wapi. Ni hii mstari ya zamani, ya yule mwingine. Majina yanagongana. Nitaifuta kabisa, eeddo, isikusumbue tena."

Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Na mimi nikatikisa. Kitaalamu ndivyo inavyofanywa: majina mawili yakigongana, lisilotumika linaondolewa.

"Usimguse," akasema mama.

"Eeddo, ni marehemu. Hahitaji—"

"Najua ni marehemu. Mimi ndiye nilimwosha." Alivuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamwona amechoka. "Huyo alikaa hapa na mimi miaka tisa. Hii meza. Alipokuja alikuta wanaume wanataka kuninyang'anya funguo, akakaa mlangoni kwa stoo siku mbili, hakuna mtu alipita. Sasa nyinyi mnataka nirudi mimi, halafu yeye asiwe amekuwako. Yeye pia mmemkatia babu. Mwandike."

"Kwa orodha nafasi ni kumi na tano tu, eeddo."

"Huyu msichana anajua kuweka nukta."

Kijana akasema, taratibu, kwamba kuna nafasi ya maelezo pembeni ya kila jina, ambayo haijawahi kutumiwa na mtu, na kama madamu ataandika na kumtumia, yeye ataiweka mwenyewe kwa mkono.

Nikafungua ukurasa mtupu. Mama akafumba macho. Akataja jina la rafiki yake, ambalo lilikuwa jina lake, na la baba, ambalo lilikuwa la baba yake, na nikaona hata kwangu jinsi yalivyokuwa rahisi kuchanganywa. Kisha akataja babu, na hapo wakaachana. Nikamwandika babu huyo kwa herufi zake zote. Akataja wa nne. Akafungua mdomo kwa wa tano, ukabaki wazi. Akaangalia pembeni, kwenye upande wa meza ambao hakuna mtu aliyekuwa akikaa.

"Alinitajia mara nyingi," akasema. "Tulikuwa tunashindana, nani anafika mbali. Ngoja. Nitamkumbuka."

Nikamwambia tuna muda, ingawa hatukuwa nao. Simu ilikuwa bado wazi katikati ya meza, na kutoka Garissa hakuna aliyetuharakisha. Nikangoja, vidole juu ya kibodi.